Udalali Nilioufanya Roma

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Maneno hayo niliyasema ndani ya ndege, kwa sauti, mke wangu Minza alipokuwa amekamata kiti kwa mikono miwili na kuniuliza kama sioni ajabu kukaa juu ya mawingu. Nikamwambia, Mama Nkwimba, mtu aliyeingia mnadani na fimbo moja na viatu vya tairi, leo ana malori matatu, nyumba ya wageni ya vyumba kumi na vinane pale Bariadi na ghala la pamba lisilovuja, huyo amekwisha kuona yote. Naandika haya nikiwa na darasa la nne tu, tena la kukimbia-kimbia. Kama herufi zangu zimelala upande, msomaji anivumilie. Wenye digrii zao wamekuja kukopa kwangu na nikawapa.

Mwezi uliopita binti yetu Nkwimba alikuja nyumbani na mume wake Marko, Mwitaliano, pamoja na mtoto wao. Nyumba ilijaa. Wanaume tulikaa barazani na Marko, ugali katikati na mbuzi wa kuchoma, na Minza alikuwa kule nyuma kabisa jikoni, kwa sababu katika ukoo wetu mama mkwe hali mahali anapokula mkwe wake. Hampi mkono. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Marko anayajua hayo sasa kuliko wanangu wa kiume. Akiona pindo la kitenge cha mama mkwe mlangoni anageuza uso haraka kama mtu aliyepigwa na jua. Basi jirani yetu mmoja alikuwa anapekua picha kwenye simu ya Nkwimba, akafika kwenye moja, akauliza, "Hapa ni wapi tena, penye ngazi nyingi hivi?" Nikamwambia ni Roma. "Wewe naona, binti naona, mkwe naona. Mama yuko wapi?" Nikajibu upesi, "Si ndiye aliyepiga." Sauti ikatoka jikoni: "Muongo huyo! Mwulizeni nilikuwa wapi!" Watu wakacheka sana. Mimi pia nikacheka, lakini tonge lilikuwa mkononi na halikwenda mdomoni. Ile picha niliilazimisha mimi. Tuliipiga mke wangu akiwa amepotea.

Mwaka ule nilikuwa natimiza hamsini na nilidhani nimeshamaliza kukua. Januari Marko alikuja na wasemaji wake kuleta posa. Alikuwa mhandisi wa visima kule Zagayu, na Nkwimba alikuwa nesi wa zahanati huko huko, na mengine mnaweza kuyajaza wenyewe. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha polepole, kila neno limevaa viatu. Ng'ombe wa mahari walifika wote, wanene, nami niliwapitisha barabara kubwa mchana ili kila mwenye duka awaone. Jioni dada yangu mkubwa Kabula, ambaye ndiye shangazi wa kumfunda mkwe kwa desturi yetu, akavuta kigoda akasema, "Sasa mwiteni kijana akae hapa nimwambie namna ya kuishi na mama yake mkwe." Kijana alikuwa amekuja na wenzake wawili Wazungu, wana kamera. Nikaona aibu. Niliwaza watarudi kwao waseme huyu tajiri wa Bariadi, pamoja na malori yake, bado mke wake anajificha jikoni mkwe akija. Nikamwambia, "Dada, acha. Mambo hayo nitamfundisha mwenyewe, taratibu." Kabula akanitazama. "Wewe Mabula? Wewe unaweza kumfundisha mtu kitu bila kumuuzia?" Wakacheka, nami nikaagiza soda nyingine.

Sikumfundisha. Kwanza pamba ilinishika, halafu safari ya harusi ya kanisani kule kwao ikakaribia, na kila mtu akawa ananiuliza swali lake. Minza aliuliza, "Baba Nkwimba, umemwambia mkwe? Sitaki kwenda nchi ya watu nikadhalilike." Nikamjibu, anajua kila kitu, atakaa mbali nawe kama nguzo ya umeme. Nkwimba alipiga simu: "Baba, mama ataweza kula meza moja na Marko? Hapa nyumba ni ndogo, migahawa ni midogo." Nikamjibu, mama yako amekubali, amesema hayo yabaki Sapiwi kwa bibi yako. Asiyejua biashara ataniona mwovu. Lakini mimi nimekula miaka ishirini kwa kazi ya udalali wa ng'ombe, na udalali ni huo: mwenye ng'ombe unamwambia mnunuzi ana haraka, mnunuzi unamwambia mwenye ng'ombe ana shida, na unahakikisha hao wawili hawaongei hadi pesa zibadilishe mikono. Ikifika jioni wote wawili wanakushukuru. Sikuwahi kuona kwa nini ndani ya nyumba isiwe vilevile.

Tulifika kwao Marko siku ya Jumanne, mji mdogo wenye mlima, saa moja kwa treni kutoka Roma. Harusi ilikuwa Jumamosi. Tulipewa chumba katika nyumba ya wageni, na mimi mwenye nyumba ya wageni nilikikagua: shuka safi, bafu dogo mno, dirisha zuri. Minza alikuwa amebeba michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kukausha, kilo nzima ndani ya mfuko wa rambo. Alikusudia kuishi kwa hiyo wiki nzima bila kumsumbua mtu. Uwanja wa ndege wakaichukua. Alisimama akiwatazama wanaitupa kwenye pipa, akasema kwa Kisukuma kwamba hata mbwa hawatupi chakula hivyo, na mimi nikamvuta mkono tusichelewe. Sikujiuliza sasa atakula nini. Usiku ule alikula karanga zilizobaki mkobani.

Jumatano ndiyo siku yenyewe. Asubuhi Marko na Nkwimba walikuja kunywa chai nasi kabla ya kwenda kutembea Roma. Meza ilikuwa moja, ya duara, viti vinne. Minza akachungulia kutoka kwenye ngazi, akaona, akarudi juu. Nilimfuata. Alikuwa amekaa kitandani na kidonge cha sukari kiganjani, maana ana ugonjwa wa sukari tangu zamani na dawa yake ni ya asubuhi, pamoja na chakula. "Ulisema anajua," akaniambia. "Anajua, ila nchi hii meza ndizo hizo. Kunywa dawa, nitakuletea kitu." Akameza. Nikashuka, Nkwimba akauliza, "Mama vipi?" Nikasema, "Amekula juu. Mikate ile laini ameipenda." Marko akafurahi, akasema atamnunulia mingine. Halafu treni ikawa inakaribia, watu wakakimbia, na kile kitu nilichosema nitampelekea kikabaki mezani.

Roma ni mji mkubwa, sitaudharau. Tuliona ule uwanja wa kale wa mawe ambao watu walikuwa wakiuana humo na wengine wakishangilia. Nikamwambia Marko kwamba mradi ule ungekuwa wangu ningekuwa nimeshauezeka bati na kukodisha. Akacheka, akaniita baba. Nilitembea mbele, kifua nimekitoa, suti ya kijivu, nikieleza mambo ambayo sikuyajua. Minza alitembea nyuma. Kila Marko alipopunguza mwendo amsubiri, naye alipunguza. Marko akihamia kulia, yeye kushoto. Kitu kimoja tu kilimsimamisha, bomba fupi la chuma kando ya barabara, lenye pua iliyopinda, maji yakitoka bila koki, baridi na safi, yanaingia mtaroni. Akakinga mkono, akanywa. "Nkwimba, haya nani anayafunga?" "Hayafungwi, mama. Yako mji mzima." Akasimama pale. "Zagayu wanawake wanapigana kwa ndoo," akasema, "na hapa hakuna hata aliyeweka kikombe." Marko alisikia, akasogea kumweleza maji yanatoka wapi, na Minza akaondoka kama aliyeitwa.

Saa saba tukaingia mgahawani. Minza akakaa meza ya pembeni, mgongo kwetu, akasema tumbo limejaa. Nkwimba akaniinamia. "Baba, mbona mama anakaa mbali? Ulisema alikubali." "Amekubali. Amechoka tu, si unajua miguu yake." "Amekula nini tangu asubuhi?" "Mwanangu, unanihoji mimi kama polisi? Nimekwambia amekula." Sauti yangu ilipanda na watu wakageuka. Marko akatazama sahani yake. Nilikula tambi zangu zote, tena nikaagiza nyama, na kila nilipomeza niliona bega la mke wangu na kile kitenge cha njano, na jasho shingoni mwake, nami nikajiambia ni jua. Kama ningesimama, nikachukua sahani, nikahamia meza yake, mambo yangeishia hapo. Lakini ningehama vipi bila kueleza?

Baada ya hapo tukaenda kwenye ngazi za mawe, pana, ndefu, watu wamekaa kote kama kunguru kwenye waya. Tulikuwa katikati tunapanda, mimi mbele, Nkwimba pembeni yangu, Minza nyuma, na Marko nyuma yake kwa adabu, mama mkwe asije akaanguka. Nikasikia kelele. Niligeuka nikaona mke wangu ameyumba, anaanguka, na Marko amemdaka kwa mikono yote miwili, amemkumbatia kifuani, mdomo wake karibu na sikio akimwambia, "Mama, pole mama, niko hapa." Watalii wakampigia makofi. Minza akafumbua macho, akaona ni nani aliyemshika. Sijapata kuona uso ule tena na sitaki. Akajing'oa. Kitenge kikabaki mikononi mwa mkwe. Akashuka zile ngazi akipepesuka, akishika mabega ya watu asiowajua, akaingia kwenye umati chini na tukamwona mara moja, mara mbili, halafu basi.

Nkwimba alitaka kumkimbilia. Nikamshika. "Mwache. Ameona aibu ya kuanguka. Atapoa, atarudi hapa hapa." Marko alikuwa amesimama na kitenge cha mama mkwe kama aliyeshika moto. "Nimefanya kosa, baba?" "Hakuna kosa, wewe ni shujaa. Njooni tupige picha, akirudi akute tunacheka." Ndiyo ile picha. Nilimpa Mzungu mmoja simu, nikawapanga, nikawakumbatia. Dakika kumi. Nimeuza ng'ombe wagonjwa nikalala vizuri, lakini zile dakika kumi ndizo hunirudia.

Nkwimba ndiye aliyekuwa amebeba dawa za mama yake tangu tulipopanda treni. Akafungua mkoba kutafuta maji, akakiona kile kiboksi cha vidonge, akakifungua, na nikaona sura ya binti yangu ikigeuka sura ya nesi. "Cha leo amemeza. Baba, nitazame. Mama amekula nini?" Nikaanza, "Si nime..." Akanikata. "Kidonge hiki bila chakula kinashusha sukari, kinaweza kumuua! Amekula nini?" Sikuwahi kukatwa kauli na mwanangu. Umati unapita, kengele za kanisa zinalia mahali fulani. Nikasema, "Hajala. Tangu jana usiku. Karanga." "Kwa nini?" Nikamwonyesha Marko kwa kidevu. "Kwa sababu yake. Hawezi kula mbele ya mkwe. Hakukubali lolote. Nilikudanganya. Naye nilimdanganya kwamba kijana amefundwa." Marko akaelewa polepole, neno kwa neno, kama anavyoongea. Akakitazama kile kitenge, akakikunja, akampa Nkwimba bila kunitazama. "Miezi tisa, baba," akasema. "Nilikaa nyumbani kwako mara nne. Kwa nini hukuniambia?"

Simu ya Minza haikushika mtandao wa kule. Nkwimba akaenda kwa polisi waliosimama uwanjani, na picha ya mama yake. Mimi na Marko tukabaki. Yeye alitaka kukimbia kila upande. Ndipo akili yangu ya zamani, ile ya kabla ya malori, ikarudi. Nikamwambia, "Ng'ombe akipotea akiwa mgonjwa hapandi. Anateremka, na anafuata maji. Lile bomba lisilofungwa, lipo jingine upande wa bondeni?" Sikuona vibaya kumfananisha mke wangu na ng'ombe, kwetu hiyo ni heshima, na muda ule ndicho nilichokuwa nacho. Marko akafumba macho akihesabu mitaa. "Yapo matatu, ukiteremka kuelekea mtoni." Tukakimbia. Koti la suti likanibana, nikalivua, nikalitupa begani. La kwanza palikuwa na vijana wanajaza chupa. La pili palikuwa na njiwa tu. Nilikuwa nasema jina lake kwa sauti katikati ya Roma, Minza, Minza wane, Minza wangu, na watu wananipisha kama kichaa, na nilianza kuona nitakavyoshuka Bariadi na jeneza lake, na Kabula amesimama barabarani.

Bomba la tatu lilikuwa kwenye kichochoro. Alikuwa amekaa chini, viatu amevua, miguu ndani ya mtaro wa maji, kichwa ukutani. Bibi mmoja wa Kizungu alikuwa amemfungulia mwamvuli juu, anamsemesha, na Minza anamjibu kwa Kisukuma maneno yasiyoungana, ya kuita mbuzi. Jasho linamtiririka lakini mkono ni barafu. Nikapiga magoti. "Mama Nkwimba. Ni mimi." Akanitazama hakunijua. Marko alikuwa ameshaingia kwenye kibanda cha kahawa. Akatoka mbio na juisi na vipakiti vya sukari. Halafu, hatua kumi kutoka tulipo, akasimama kama aliyegonga ukuta. Akageuka, akatupa mgongo, akarudi kinyumenyume, mkono wenye juisi ameunyosha nyuma. Niliichukua. Nikamiminia sukari, nikampelekea mdomoni. Meno yakafunga. Kwa mbali kabisa, kama mtu aliye kisimani, akauliza, "Nani amenunua?" Nilikuwa na neno tayari ulimini: mimi. Lingekwenda bila shida. Nikasema, "Mkwe wako. Amegeuka, hakutazami." Macho yakanipita yakaenda kwenye ule mgongo. Meno yakaachia. Akanywa.

Marko alimpigia Nkwimba simu, naye alipofika na kamashine kake akampima sukari kidoleni: mbili nukta tisa, chini mno, na hiyo ni baada ya juisi. Alimlisha mkate kidogo kidogo, akilia, akimkaripia, akimfunga kitenge chake. Rangi iliporudi, Minza akasema kwa Kiswahili ili asikie na aliye mbali, "Mkwe amenishika kifuani mbele za watu. Jumamosi siingii kanisani. Siwezi kumwona binti yangu akiolewa nikiwa na doa hili." Marko, mgongo bado kwetu, mabega yakashuka. "Mwambieni mama naomba radhi," akasema. "Mwambieni kama hakuna harusi, nitaelewa." Nkwimba alinitazama mimi tu.

Nikampigia Kabula. Nikaiweka simu juu ya jiwe, sauti wazi, nikaeleza yote, sikuruka hata tambi.

"Mwadila, wifi," Kabula akamsalimu Minza kwanza. "Umekula?"

"Nimekula, wifi. Wabeja, asante."

"Haya. Mkwe akimgusa mama yake mkwe kwa kujua, anatoa mbuzi, anasamehewa. Huyu hakujua. Alikuja kwetu na mikono miwili, tayari kufundwa. Nani alisema atamfunda?" Nikasema mimi. "Sikusikia." Nikasema tena. "Basi doa ni lako, Mabula. Na wewe si mgeni, hutatoa mbuzi. Utamtolea mke wako mtamba."

"Dada, zizini nina mitamba kumi na mmoja, achague."

"Zizi hilo ni la Minza pia. Unataka kumlipa kwa mali yake? Hata leo unafanya udalali? Utanunua mnadani, mbele ya watu, na utakayemtuma aseme wazi kwa nini ananunua."

Minza akacheka. Kicheko kidogo, kibovu, cha mtu mgonjwa, lakini Marko alikisikia na niliona mgongo wake ukinyooka. "Mtamba mwekundu," mke wangu akasema. "Na kijana hana kosa, apewe binti yangu."

Msimamizi wangu wa ghala alikwenda mnadani kesho yake na akasema kama alivyoagizwa, kwa sauti, na naambiwa minada miwili iliyofuata hapakuwa na habari nyingine. Ijumaa picha ikaja kwenye simu. Minza akaikuza kwa vidole, akakagua kwato, akakagua kiwele, akanirudishia simu. Jumamosi aliingia kanisani. Watu wakiniuliza Roma ilinigharimu kiasi gani, wanasubiri nitaje tiketi na viza na ile suti. Hayo yalikuwa anasa yangu, sikuyahesabu. Gharama ni hii: mtamba laki saba na elfu arobaini, ushuru wa mnada elfu sita, kamba elfu tatu, wa kumswaga hadi Sapiwi elfu ishirini na tano, na dalali elfu kumi, ambaye nilikataza asipunguziwe hata mia. Jumla, shilingi laki saba na elfu themanini na nne.